Mtoto Ametoka Hospitali, Je, Amepona?



Kila ifikapo Septemba, wadogo zetu wanaotaka kusomea udaktari hapa Uingereza huniletea maelezo yao ya maombi niyapitie. Haraka yao naielewa: fomu za UCAS za udaktari hufungwa katikati ya Oktoba, na vyuo vya udaktari unachagua vinne tu. Lakini ninachosoma karibu kila mara ni kilekile. Mtoto mgonjwa huko nyumbani, daktari shujaa, mtoto karuhusiwa, watu wote wakafurahi. Basi.

Jamani, mambo hayaishii pale. Mdogo wangu alishikwa na degedege akiwa na miaka mitatu. Malaria ilimpanda kichwani, akalazwa, akaruhusiwa, tukachinja kuku. Kapona! Alipoanza shule, somo halimkai. Mwalimu akamwita mvivu, na sisi nyumbani, Mungu atusamehe, tukamchapa tukidhani ni ukaidi. Hakuna aliyetuambia kwamba ule ugonjwa na yale masomo vinahusiana.

Kumbe watafiti walishaliona hilo. Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust wanafanya kazi pamoja tangu 1989, na Kampala pia, waliwafuatilia watoto walionusurika na malaria ya ubongo. Kampala walikuta kwamba miaka miwili baadaye, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na matatizo ya kumbukumbu, ya kutulia au ya kujifunza.

Utafiti mwingine wa Kenya na Uganda, uliotolewa 2020, uliwahusu watoto waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu. Waliopewa dawa ya kuzuia malaria kwa miezi mitatu baada ya kuruhusiwa, vifo na kulazwa tena vilipungua kwa asilimia 70 katika muda huo wa kinga. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo kwa sehemu zenye malaria nyingi. Dawa yenyewe haikuwa mpya. Kipya ni kwamba kuna watu walijiuliza: huyu mtoto akifika nyumbani, inakuwaje?

Wapo watakaosema usaili ni mchezo tu, waambie wanachotaka kusikia. Mimi sikubali. Unayojizoesha kuyasema leo ndiyo utakayoyafanya kesho wodini. Ukizoea kwamba kazi ya daktari inaishia kwenye karatasi ya ruhusa, utawaruhusu wengi kama mdogo wangu bila kumwambia mama yao neno.

Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini unataka udaktari, usiseme "kuokoa maisha" ukanyamaza. Sema utamfuata mtoto mpaka nyumbani, mpaka darasani. Nanyi mlioko ndani tayari, mkitafuta mada ya utafiti, kumbukeni hawa.

Mdogo wangu siku hizi ni fundi baiskeli, tena mzuri. Lakini zile fimbo hakustahili.