Watoto, masika na safari ya Pwani

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja ameniletea barua ambayo, nikiisoma, nacheka na kuhuzunika kwa pamoja. Anasema watoto wake watatu wanafunga shule mwanzoni mwa Aprili. Hoteli moja ya Diani imeshusha bei, na yeye ameweka akiba ya chama mwaka mzima ili watoto wawaone ndovu wa Tsavo na wakaoge baharini. Lakini bwana wake amekataa katakata. "Nani huenda likizo kwenye mvua?" auliza bwana. "Tungoje Agosti." Naye mama anajua fika kwamba Agosti bei itakuwa imepanda, na hizo pesa za chama zitakuwa zimekwishakuliwa na karo. Ati niamue nani ana haki.

Mama, haki ni yako. Ila bwana naye hajakosea kuogopa, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuiangalie kalenda, maana hapo ndipo wengi hupotea. Masika huanza mwezi wa Machi hadi Mei, lakini hayanyeshi kwa kipimo kimoja kila mahali wala kila wiki. Mombasa na Kwale, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote ni Mei. Aprili hufuata. Basi anayesafiri juma la kwanza la likizo na anayesafiri juma la mwisho hawaendi mahali pamoja, hata kama hoteli ni ile ile. Mara nyingi mvua ya Pwani hupiga usiku na alfajiri, kisha jua likatoka saa nne ukasahau kama kulikuwa na mawingu. Ukichelewa hadi mwisho wa Aprili, waweza kukaa siku tatu ukitazama maji yakichuruzika kwenye makuti.

Jambo la pili ni upepo wa kusi, ambao huanza kuvuma majira hayo hayo. Bahari huchafuka, maji hutibuka, na mwani hutupwa ufukoni marundo kwa marundo. Watoto wa Nairobi, waliozoea kuiona bahari ya picha, hushtuka. Waambieni mapema. Ndani ya mwamba watoto wataoga bila taabu, hasa maji yakijaa, lakini wale wanaotaka kwenda Kisite-Mpunguti kuwatazama samaki chini ya maji wajue kwamba wakati huo huenda wasione kitu. Na mwenye mashua akikwambia leo hapana, usimwongezee pesa abadili nia. Siku kama hiyo nendeni Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ama Gedi kule Kilifi ikiwa mmelala upande wa kaskazini. Magofu hayaharibiwi na manyunyu.

Sasa tuje kwa wanyama. Wengi wakisikia safari, wanafikiria Maasai Mara tu. Aprili sipendekezi Mara kwa familia yenye pesa za kuhesabu. Nyumbu wenyewe, wale wa kuvuka mto, wakati huo wako Serengeti na hawafiki kwetu mpaka kama Julai. Tena udongo mweusi wa kule ukilowa hushika gari kama ugali unavyoshika mwiko. Mwaka wa 2024, mwanzoni mwa Mei, Mto Talek ulivunja kingo zake, ukazifurika kambi za watalii, na watu wakaokolewa kwa helikopta.

Tsavo iko njiani. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuichagua. Mbuga hiyo, iliyotengwa mwaka wa 1948, imekatwa na barabara ya Mombasa, na tangu 2017 kuna reli mpya pia. Ushauri wangu ni huu: pandeni treni ya asubuhi inayosimama vituoni, si ile ya moja kwa moja, mteremke Voi. Lango la Tsavo Mashariki li karibu na mji. Hapo mtakodi gari refu pamoja na dereva anayezijua njia za mbugani, mlale usiku mmoja au mawili, kisha mrejee kituoni mwendelee Mombasa. Tiketi za likizo huisha upesi, basi msingoje wiki ya mwisho.

Sitawadanganya kuhusu ndovu. Wakati wa kiangazi hukusanyika penye maji, kama bwawa la Aruba, na hata mtoto wa darasa la kwanza atawahesabu. Mvua ikinyesha, kila kishimo kina maji, na ndovu hutawanyika. Nyasi nazo zimekua, simba akilala humwoni. Mtaona wachache, na mtawatafuta. Lakini mtaona nchi ya kijani kibichi, milima ya Taita imesimama wazi baada ya hewa kuoshwa, na kobe wakubwa wakivuka barabara polepole kana kwamba wao ndio wenye mbuga. Mwanangu wa pili, ambaye aliahidiwa simba, alirudi nyumbani akizungumza juu ya kobe mwezi mzima.

Safari hiyo ndiyo iliyonifundisha nisichotaka mama wa Umoja ajifunze kwa njia yangu. Ilikuwa Aprili 2018, mwaka wa mvua ile kubwa iliyopasua bwawa la Solai, Nakuru, mwezi uliofuata. Tulikuwa tumekodi gari kwa kampuni moja ambayo sitaitaja, na tulitaka kuwahi chakula cha jioni katika hoteli iliyo mbali kidogo na lami. Njiani kulikuwa na korongo, moja ya mito ile ya msimu isiyokuwa na tone la maji miezi tisa. Siku hiyo lilikuwa linakwenda na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Juu yetu palikuwa pakavu kabisa, jua linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani.

Dereva akashuka, akatazama, akasema, "Mzee, haya ni ya magoti tu. Tunapita." Nami, kwa aibu nakiri, nikakubali. Nilikuwa nimelipia chakula hicho.

Mama watoto hakubishana. Alifungua mlango, akawateremsha watoto mmoja mmoja, akaketi nao juu ya jiwe. "Baba watoto," akasema, "wewe nenda. Ukifika ng'ambo utupungie mkono." Sikwenda. Tulikaa pale kama nusu saa, nimenuna. Ndipo likapita gogo la mgunga, refu kuliko gari letu, linaviringika kama kijiti cha kiberiti, pale pale tulipokuwa tunataka kupita. Dereva alivua kofia yake na hakusema neno.

Tulilala katika nyumba ya wageni ya mjini, vitanda viwili watu watano, tukala chapati na ndengu. Chajio tulicholipia hatukurudishiwa.

Maji yaendayo kasi, yakiwa na kina cha futi moja tu, yaweza kuinua gari dogo. Futi mbili zaweza kuchukua hata gari kubwa. Bahati yetu haikuwapata wote: Desemba 2021 basi la watu waliokuwa wakienda harusini lilizama katika Mto Enziu, Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kwa hiyo wekeni siku moja ya ziada katika ratiba, isiyo na kazi yoyote, na pesa kidogo za kulala njiani. Siku hiyo ndiyo inayompa baba nguvu za kusema hapana, kwa sababu hana haraka.

Kuhusu pesa, pigeni simu hotelini kwenyewe kabla ya kutoa arbuni. Ulizeni kama watakuwa wazi tarehe zenu, maana baadhi hufunga Mei ili kupaka rangi na kutengeneza mabomba. Ulizeni pia barabara ikikatika mtarudishiwa nini, na mpate jibu kwa maandishi. Bebeni kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ili mtozwe bei ya mkazi. Na ada ya mbuga hulipwa kwa njia ya simu au kadi, hawataki noti langoni.

La mwisho ni mbu, nalo si dogo. Watoto waliokulia Nairobi hawana kinga ya malaria, na masika ndiyo sikukuu ya mbu. Mwoneni daktari kabla ya safari awape dawa za kuzuia, na mlale ndani ya chandarua hata kama chumba kina feni. Zaidi ya yote, kumbukeni kwamba ugonjwa huu huweza kujitokeza wiki moja, mbili, hata mwezi baada ya kuumwa. Mtoto atakuwa amekwisharudi shuleni. Akishikwa na homa, zahanati ya mtaani itadhani ni mafua ya baridi ya Nairobi. Mwambieni daktari, kabla hajauliza, "Tulikuwa Pwani," na apimwe damu siku hiyo hiyo.

Basi, mama wa Umoja, nunua tiketi za juma la kwanza. Mpe bwana barua yangu aisome, hasa pale penye gogo, na umwachie yeye kazi ya kuchagua ile siku ya ziada. Mkirudi niandikie, unieleze alisema nini alipomwona kobe.