MAMBO YA UFUNDI: FOMU KWANZA, MASHINE BAADAYE

Watu wengi wapendao mitambo hudhani ya kuwa ustadi wote umo ndani ya chombo chenyewe. Mtu hununua kompyuta au simu mpya, akaichezea jioni baada ya kazi hata usiku wa manane, kisha asubuhi akashangaa kuona ya kuwa ofisi yake au shamba lake ni vile vile kama jana. Yafaa wapenzi hao wajue habari ya programu moja iliyopata asili yake huku kwetu Eldoret, na ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi. Kazi hiyo haikuanza kwa mashine, bali kwa karatasi moja.

Mosoriot ni kituo cha afya katika Nandi, kando ya barabara iendayo Kapsabet, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka Eldoret. Hapo zamani habari za wagonjwa ziliandikwa kwa mkono katika madaftari mbalimbali, kila chumba na daftari lake. Kumtafuta mtu aliyetibiwa mwaka uliopita ilikuwa kazi ya kufunua daftari moja baada ya jingine, na mganga alimtibu mgonjwa pasipo kujua alipewa dawa gani safari iliyopita.

Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilikuwa vimeanza kushirikiana katika mambo ya uganga tangu 1989. Katika ushirika huo watu kama Joseph Rotich wa Moi, Terry Hannan, daktari wa Australia, na William Tierney wa Indiana waliamua kutengeneza mpango mwingine wa kuweka habari za wagonjwa. Mpango huo ulianza kazi Mosoriot mwezi wa Februari 2001. Hawakuleta mtambo wa ajabu. Walitumia Microsoft Access, programu ya kawaida ambayo makarani wengi wamekwisha kuiona ofisini. Lakini kabla ya hapo walitengeneza fomu ya ukurasa mmoja. Kila mgonjwa alipewa nambari yake, akaichukua fomu hiyo toka chumba hata chumba, kila mfanyakazi akaandika sehemu yake. Na mgonjwa alipokuwa akitoka, karani aliyatia yote katika kompyuta. Basi msingi wa kazi ulikuwa nambari moja, fomu moja, na karani mwenye bidii. Lau karani angeandika uongo, kompyuta ingeutunza uongo huo kwa uaminifu mkubwa.

Jambo la kusifiwa ni kwamba hawakuridhika na kusema tu kuwa kazi imekuwa nyepesi. Waliweka watu wa kuwafuata wagonjwa na wafanyakazi na kuandika dakika zao, kabla ya mpango ule na baada yake. Matokeo yalitangazwa 2003. Muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda aliokaa na waganga ulipungua kwa asilimia 58. Wafanyakazi nao walipata nafasi zaidi, na sehemu ya nafasi hiyo waliitumia kwa mambo yao wenyewe! Jambo hilo liliandikwa wazi bila kufichwa, nalo ni somo kubwa kwa kila mkuu wa ofisi. Mashine huweza kukomboa saa za kazi, lakini haiwezi kuamua saa hizo zitumiwe kwa faida ya nani.

Wakati huo huo ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa ukiua watu wengi sana. Mwaka ule ule wa 2001 mpango wa AMPATH ulianzishwa Eldoret ili kuwatibu, na wagonjwa wakaongezeka mno hata programu ile ndogo ikaelemewa. Mwaka 2004 wakaja Eldoret Burke Mamlin na Paul Biondich kutoka Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis. Hao ni madaktari ambao pia ni mafundi wa kuandika programu, na kwa kazi yao na ya wenzao ikazaliwa programu iitwayo OpenMRS. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huo huo ikafika Rwanda.

Siri yake ni rahisi kueleza. Katika programu nyingi za zamani kila swali lilijengwa ndani, kama chumba cha mawe. Ukitaka kuongeza swali, hapana budi kuvunja ukuta. Katika OpenMRS maswali yote, kama uzito, joto la mwili au jina la dawa, huwekwa katika kamusi. Daktari akitaka kuuliza jambo jipya, huongeza neno katika kamusi, na nyumba hubaki salama. Tena programu hiyo hutolewa bure pamoja na maandishi yake yote, hata wapenzi wa kompyuta wa nchi mbalimbali wamepata kuitengeneza zaidi, na wengine hufanya hivyo kwa kujitolea tu.

Faida yake ilionekana hasa kwa watoto. Katika kliniki moja ya watoto wenye virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya, Daktari Martin Were na wenzake walijaribu kumpa mganga karatasi ya ukumbusho iliyotolewa na kompyuta, yenye kutaja vipimo na mambo mengine yaliyopitwa na wakati kwa kila mtoto. Habari za jaribio hilo zilichapishwa 2013. Pasipo ukumbusho, mambo 18 tu katika kila 100 ndiyo yaliyotimizwa. Penye ukumbusho, mambo 68. Waganga walikuwa wale wale wenye elimu ile ile. Walikuwa wamechoka na foleni ilikuwa ndefu, nao walihitaji kukumbushwa. Hata hivyo 68 si 100, kwa maana karatasi hukumbusha tu, na mkono wa kutenda ni wa mtu.

Mkulima asidhani ya kuwa haya ni mambo ya hospitali peke yake. Mwenye ng'ombe wa maziwa aweza kuanza kwa daftari na simu yake ya kawaida. Ampe kila ng'ombe nambari, na aandike tarehe aliyopandwa. Ng'ombe huchukua mimba kwa siku 280 hivi, na yafaa aachwe kukamwa siku 60 kabla ya kuzaa. Basi akiisha kuhakikisha kuwa mimba imeshika, ahesabu siku 220 tangu tarehe ile, aitie siku hiyo katika kalenda ya simu pamoja na kengele ya kumkumbusha. Akiona kwa muda wa mwaka mmoja kwamba daftari lake halina mistari mitupu, hapo ndipo afikiri habari ya kununua kompyuta.