Desmodiamu yaweza kupunguza deni la mbolea, lakini hesabu yake inaanzia zizini

KWA mkulima mdogo wa mahindi Afrika Mashariki, bei ya mbolea za viwandani ndiyo huamua msimu utakuwaje. Bei ikipanda, ama hupunguza ekari anazolima, ama hupanda bila mbolea na kungoja majaliwa.

Mwaka 2022 jambo hilo lilionekana wazi. Nchini Kenya, mfuko wa kilo 50 ulifika Sh6,500 za nchi hiyo kabla Serikali haijaushusha kwa ruzuku hadi Sh3,500 mwezi Septemba, kisha Sh2,500 mwaka 2023. Nchini Tanzania, ruzuku iliyoanza Agosti 2022 iliteremsha mfuko wa urea na wa DAP hadi Sh70,000, wakati bei ya soko ilikuwa imevuka Sh120,000.

Ruzuku hizo ziliokoa misimu. Hata hivyo, tofauti ya bei hulipwa na fedha za umma, na sehemu kubwa ya mbolea yenyewe huagizwa kutoka nje. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia, hivyo bei ya gesi ikipanda ng'ambo, mkulima wa Bungoma au wa Mbozi huilipia ingawa hajawahi kuitumia gesi hiyo.

Aidha, mwaka 2024 wakulima nchini Kenya walipata pigo jingine, baada ya baadhi ya mifuko iliyouzwa kama mbolea ya ruzuku kubainika kuwa haina ubora.

Mei mwaka huo huo, viongozi wa Afrika walikutana Nairobi kujadili mbolea na afya ya udongo. Waliazimia kuongeza mara tatu uzalishaji na usambazaji wa mbolea bora, za viwandani na za asili, na kurudisha rutuba kwenye angalau asilimia 30 ya udongo uliochakaa. Yote hayo yalipangwa yawe yamefanyika ifikapo mwaka 2034.

Swali la mkulima ni dogo zaidi. Afanye nini sasa katika ekari yake moja au mbili?

Malisho yanayofanya kazi mbili

Jibu mojawapo limekuwapo magharibi mwa Kenya tangu miaka ya 1990. Ni desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya mikunde wenye asili ya Amerika, ambao hutambaa ardhini na kubaki shambani kwa miaka kadhaa.

Kwa wakulima wa Ulaya, kazi ya namna hii ilifanywa kwa karne nyingi na klova nyekundu. Waliipanda katika mzunguko wa mazao, wakalisha mifugo, kisha wakapanda ngano kwenye udongo uliopumzika. Klova hiyo ni mmea wa nchi za baridi. Katika joto la mwambao wa Ziwa Victoria, desmodiamu ndiyo yenye nafasi.

Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, chenye makao yake Nairobi, kilishirikiana na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya kuiingiza katika mfumo unaojulikana kama "vuta-sukuma". Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na majani ya tembo au brakiaria hupandwa kuzunguka shamba ili kuwavuta nondo wa funza wa mabua watage huko badala ya kwenye mahindi.

Faida iliyowavutia wakulima wengi ni dhidi ya kiduha, gugu linalonyonya mahindi kupitia mizizi. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazofanya mbegu ya kiduha iote, kisha ife kabla haijashika mzizi wa mahindi. Kila msimu akiba ya mbegu za gugu hilo ardhini hupungua.

Baada ya viwavijeshi vamizi kuingia barani mwaka 2016, utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mashamba yenye mfumo huo yalikuwa na viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko mashamba ya mahindi matupu.

Hesabu ya naitrojeni

Kama mikunde mingine, desmodiamu hushirikiana na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake kuchukua naitrojeni iliyo hewani. Ikistawi vizuri, inaweza kuchukua kilo 100 kwa hektari kwa mwaka. Mfuko mmoja wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Hivyo kilo hizo ni sawa na zaidi kidogo ya mifuko minne kwa hektari, ambayo ni chini kidogo ya mifuko miwili kwa ekari. Pale inapochanganywa na mahindi, kiasi huwa pungufu.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo imo kwenye majani, na majani hukatwa na kutoka shambani. Mkulima anayeuza marobota yote anauza rutuba ya shamba lake, ikiwamo fosforasi na potasiamu ambazo mmea hauwezi kuzitoa hewani.

Mwenye ng'ombe ana njia ya kuirudisha, nayo ni samadi. Lakini naitrojeni nyingi hutoka na mkojo, kwa hiyo zizi la sakafu tupu lisilo na matandiko huipoteza. Matandiko ya mabua na samadi iliyofunikwa kuikinga na jua na mvua ni sehemu ya hesabu hiyo hiyo.

Faida nyingine iko kwenye maziwa. Majani ya tembo yaliyokomaa huwa na protini kidogo, na ndiyo maana wafugaji hulazimika kununua chakula cha madukani. Desmodiamu ikiwa kama theluthi moja ya malisho hupunguza gharama hiyo. Kwa mkulima huyu, maziwa hulipa kila siku wakati mahindi yakisubiri mavuno.

Vikwazo

Asiye na mfugo wala jirani wa kubadilishana naye malisho kwa samadi atapata nafuu ya kiduha, lakini atabaki na majani mengi yasiyo na kazi. Huyo anaweza kufaidika zaidi na maharage, karanga au mbaazi, ambazo huliwa na kuuzwa.

Kikwazo cha pili ni mbegu. Ni ndogo mno, ni ghali, na katika maeneo mengi haipatikani kwa wauza pembejeo. Njia rahisi ni kupanda vipande vya marando kutoka kwa mkulima mwenye shamba lililokomaa. Kwa vikundi vya wakulima na wafanyabiashara wadogo, marando na mbegu hizo ni bidhaa ambayo bado haina wauzaji wengi.

Tatu ni kazi ya msimu wa kwanza. Desmodiamu huanza polepole na ikiachwa wiki za mwanzo bila palizi humezwa na magugu. Ikishashika, hufunika ardhi na palizi hupungua, ingawa lazima ipunguzwe isiyapande mahindi.

Nne, haiondoi kabisa haja ya mbolea. Kwenye udongo usio na fosforasi, mikunde yenyewe hudumaa. Mkulima bado atahitaji mbolea ya kupandia, ila anaweza kupunguza ile ya kukuzia, kidogo kidogo, kadiri udongo unavyoimarika.

Kwa sababu hizo, njia ya busara ni kuanza na kipande kidogo, hasa kile kilichoshambuliwa na kiduha, na kulinganisha mavuno, maziwa na gharama kwa misimu mitatu kabla ya kupanua.

Serikali nazo zina la kujiuliza. Mfuko wa ruzuku huisha msimu mmoja na mwakani hulipiwa tena. Sehemu ndogo ya fedha hizo ikielekezwa kwenye mbegu za malisho ya mikunde na maofisa ugani wa kuonyesha namna ya kuzipanda, mkulima atakuwa na kitu kinachobaki ardhini hata mwaka ambao ruzuku itachelewa kufika.