Mzee Kawawa na Deni Letu

Tarehe 31 Desemba, 2009, watu wakijiandaa kuupokea mwaka mpya, tulishtushwa na habari: Mzee Rashidi Mfaume Kawawa amefariki dunia huko Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 83. Sisi wafanyakazi tuliondokewa na rafiki wa siku nyingi. Shirikisho la vyama vyetu, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu, wala cheo hakikumtenga nasi.

Twakiri kosa letu: tulidhani yupo tu, tukaahirisha kumwuliza mengi aliyoyajua. Ndugu wanachama, wazee tulio nao tuwaendee leo, tuyaandike maneno yao. Machozi ya mazikoni hayalipi deni hilo.