Koki ya Tangi ni Kifaa cha Tiba

Kila muuguzi aliyewahi kutundika dripu anafahamu kwamba mrija wa kawaida hutoa takribani matone 20 kwa mililita moja. Ni wachache kati yetu walioipeleka hesabu hiyo nje ya wodi, penye tangi la maji ya mvua. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza matone 86,400 kwa siku, yaani lita nne na ushei. Lakini koki nyingi mbovu hazidondoshi tu, huchuruzika. Ikiwa ndoo ya lita 20 iliyotegwa chini yake hujaa kila siku, basi kuanzia Juni hadi Septemba zitapotea zaidi ya lita 2,400, karibu nusu ya tangi la lita 5,000. Na wakazi wa Dodoma na Singida wanajua kwamba katika miezi hiyo hakuna wingu litakaloirudisha nusu hiyo.

Hata hivyo, upotevu wa maji sio unaonishughulisha zaidi. Koki mbovu haiishii kuvuja. Siku moja mpini wake hukatika, au mtu aliyechoshwa na matope huifunga kwa mpira wa baiskeli asiweze mwingine kuifungua. Tangu siku hiyo maji huchotwa kwa juu.

Nililishuhudia hilo katika zahanati niliyoanzia utumishi wangu. Usiku mmoja, baada ya mama kujifungua salama, nilitoka nje kutafuta maji. Nilimkuta bibi aliyemsindikiza binti yake amepanda ngazi, mfuniko wa tangi umewekwa kando, akichota kwa jagi lililoshinda chini ya kitanda cha wodi mchana kutwa. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza kwa nini asitumie koki. "Koki gani, mwanangu?" akajibu. "Hiyo imekufa tangu mavuno." Niliona haya, kwa kuwa nilikuwa nikiipita koki hiyo kila asubuhi tangu hayo mavuno. Na maji niliyonawa kabla ya kumpokea mtoto yalikuwa yamechotwa vivyo hivyo.

Tangi linalochotwa kwa juu ni ndoo moja kubwa ambayo kijiji kizima kimetia mkono. Mfuniko ukisahauliwa wazi, mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hupata hasa anachokitaka: maji yaliyotulia ndani ya chombo. Ndani ya kituo nako watumishi hurudia kunawa katika beseni, ambamo wa pili hunawa uchafu wa wa kwanza, huku picha za hatua za kunawa mikono zikiwa zimebandikwa ukutani juu yao.

Wanafunzi wetu wa afya ya jamii husimuliwa jinsi Daktari John Snow alivyowashawishi viongozi wa mtaa mmoja wa London, mwaka 1854, waondoe mpini wa pampu iliyokuwa ikieneza kipindupindu. Sisi nasi tunazo koki zisizo na mipini, ila hakuna aliyeiondoa kwa makusudi.

Kwa nini basi hazitengenezwi? Wengi hudhani ni uzembe. Mimi nadhani sababu kubwa ni kwamba matangi mengi yalifungwa koki moja tu, bila valvu ya kuzuia maji kati yake na tangi. Kuifungua koki hiyo wakati tangi limejaa ni kuyamwaga maji ya msimu mzima. Mfawidhi mwenye busara husema tusubiri yapungue. Yanapopungua, ni kiangazi, na hakuna anayetaka kumwaga hata kikombe.

Fundi aliyeitwa hatimaye katika zahanati yetu hakusubiri. Kwanza aliandaa kila kitu pembeni: valvu mpya ya shaba, koki mpya, spana mbili, na utepe mweupe aliokwisha kuuzungushia kwenye nyuzi. Akaweka ndoo na madebe chini. Akafungua koki ya zamani, maji yakaruka, naye akaingiza valvu mpya ikiwa wazi, ili maji yapite katikati yake badala ya kuisukuma nje. Alipokwisha kuikaza, akaifunga, na pakawa kimya. Tulipoteza ndoo mbili au tatu. Koki yenyewe aliifunga mbele ya valvu hiyo bila haraka yoyote. Alipoifungua ile ya zamani alituonyesha kiraka cha mpira cha ndani kimelika kwa mchanga ulioshuka na maji ya paa; kingebadilishwa mapema, mpini usingelazimishwa hadi ukakatika.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba koki ya tangi la kituo iandikwe katika daftari la vifaa, pamoja na mzani wa watoto na kipimo cha shinikizo la damu. Iwe na mtumishi mmoja anayetajwa kwa jina, aikague kila Jumatatu. Koki moja ya ziada na vipira vyake viwekwe stoo. Najua jibu la wauguzi: tuko wawili, tuna wajawazito, chanjo na taarifa za mwezi, sasa mnatuongezea ufundi bomba? Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini siwaombi washike spana. Naomba waruhusiwe kumwita fundi siku ileile na kumlipa kwa fedha ndogo ya kituo, bila kuandika barua ya kuombea kibali cha kipira.

Nanyi wagonjwa na ndugu mnaoleta ndoo, mna wawakilishi wenu katika kamati ya usimamizi wa kituo. Waulizeni habari za koki kama mnavyouliza habari za dawa. Na siku inapotengenezwa baada ya miezi ya kuchota kwa juu, ulizeni pia kama tangi limesafishwa na maji kutiwa klorini, kwa maana koki mpya hutoa maji yaleyale ya zamani. Ya kunywa yachemsheni hata hivyo; ndege hawachagui paa.