Kinanda kikuukuu si cha kuwekea maua

Katika kanisa moja ambalo jina lake sitalitaja, kuna kinanda cha umeme kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe chenye tarizi. Juu yake pamewekwa chombo cha maua na rundo la vitabu vya nyimbo. Nilipomwuliza mzee wa kanisa kilipigwa mara ya mwisho lini, alicheka akanijibu, "Hicho ni cha kale, mwanangu. Siku hizi tuna kibodi."

Nilikifunua kitambaa hicho. Chini yake mlikuwa na safu mbili za vibao, vijiti vya kubadilishia sauti na kanyagio za mbao zilizolainishwa na viatu vya mtu aliyezikanyaga miaka mingi. Nilitaka kukiwasha, lakini plagi yake ilikuwa imeng'olewa ikatiwa kwenye birika la chai.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa nikikuambia kwamba huko Marekani, Uingereza na Japani wapo watu ambao wangesafiri mwendo wa siku nzima kukifuata kinanda kama kile. Jirani zao huwaona wamerukwa na akili. Mimi nasema hawajarukwa na akili, ila wengine wao wamekosea njia, na kosa lao linatuhusu sisi pia.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Zamani, Mswahili wa pwani aliposema kinanda alikusudia ala ya nyuzi inayocharazwa kwa vidole. Baadaye jina hilo likapewa gramafoni, likapewa piano, na mwishowe kila chombo chenye vibao. Leo ninazungumzia vile vinanda vya umeme vilivyotengenezwa kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida, vyenye safu mbili za vibao juu na kanyagio chini.

MTENGENEZA SAA

Chanzo cha mambo haya ni mtu ambaye hakuwa mwanamuziki hata kidogo. Laurens Hammond alikuwa mhandisi wa Chicago ambaye mwaka 1928 alianzisha kampuni ya saa za umeme. Saa zake ziliendeshwa na mota iliyofuata mapigo ya umeme wa mji, kwa hivyo hazikukimbia wala hazikuchelewa.

Marekani ilipopatwa na dhiki ya uchumi, Hammond alitafutia ujuzi ule wa mota kazi nyingine. Aliifanya mota izungushe vigurudumu vya chuma, 91 kwa jumla, kila kimoja na meno yake kwa kadiri ya sauti inayotakiwa. Gurudumu likizunguka karibu na sumaku iliyoviringishiwa waya, meno yake huzua umeme mdogo unaotetemeka. Umeme huo ukikuzwa na kupelekwa kwenye spika, huwa sauti. Hati ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1934, na mwaka 1935 kinanda kikaingia sokoni.

Makanisa yalikipokea kwa furaha, maana kinanda cha mabomba kilikuwa na bei ya kutisha. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliingilia kati, ikasema kampuni inawadanganya watu kwa kudai kwamba chombo chake kinatoa sauti zote za kinanda cha mabomba. Basi pakafanywa jaribio katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago. Wasikilizaji walichezewa vinanda vyote viwili bila kuviona, na hata waliobobea katika muziki walikosea mara nyingi. Hata hivyo, mwaka 1938 tume iliiamuru kampuni iache baadhi ya madai yake. Matangazo hayo ya bure yaliisaidia kampuni kuliko yalivyoiumiza.

SEBULENI

Lakini kanisani hapakutosha. Baada ya vita vilivyomalizika mwaka 1945, watengenezaji waligundua soko kubwa zaidi, nalo ni sebule. Hammond, Lowrey, Wurlitzer, Baldwin, Conn, Thomas na wengine waligombea kumwuzia mtu wa kazi kinanda cha nyumbani.

Fikra yao ilikuwa moja: mtu asiyejua muziki aweze kupiga wimbo jioni akitoka kazini. Mwaka 1950 Hammond walitoa kinanda ambacho mkono wa kushoto ulibonyeza kitufe kimoja tu, na sauti kadhaa zikalia kwa pamoja zikipatana. Mwaka 1959 Wurlitzer walitoa sanduku lililopiga ngoma lenyewe ili kumsindikiza mpiga kinanda. Mwaka huo huo, huko Japani, Yamaha walitoa Electone yao ya kwanza ya kuuzwa, na watoto kwa maelfu wakapelekwa kuisomea. Leo Japani Electone bado inatengenezwa na kufundishwa.

Mtu mwingine anayestahili kutajwa ni Don Leslie. Alinunua kinanda cha Hammond, lakini alipokisikia ndani ya nyumba yake sauti ilimwudhi kwa kukosa uhai. Basi akatengeneza spika yenye baragumu linalozunguka, sauti ikawa inakuja na kwenda kama upepo. Kampuni ya Hammond haikuitaka spika hiyo. Hata hivyo, leo watu hawavitenganishi viwili hivyo, kama chai na maziwa.

Wako watakaosema kwamba kinanda cha sebuleni ni mchezo wa watoto na si ala ya kweli. Nawajibu kwa mfano mmoja. Mwaka 1967 kundi la Procol Harum la Uingereza lilitoa wimbo wa "A Whiter Shade of Pale". Kinanda kinachosikika humo, kilichopigwa na Matthew Fisher, ni Hammond M-102, mojawapo ya vile vidogo vya nyumbani. Fisher alidai haki yake mahakamani, na mwaka 2009 majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza waliamua kwamba yeye pia ni mwenye kutunga muziki ule na ana fungu lake katika mapato. Basi kumbe kinanda cha sebuleni kilitoa sauti ya kupeleka watu mbele ya majaji!

BEI YA BURE

Sasa tuulize, kwa nini vinanda hivi vimeshuka bei hadi watu wanavigawa bure?

Sababu ya kwanza ni uzito. Hammond B-3, kile mashuhuri cha wapigaji wa jazi kama Jimmy Smith, pamoja na kanyagio na benchi lake hufika karibu kilo 190. Sababu ya pili ni vibodi vidogo vya Kijapani. Tangu Casio walipotoa Casiotone mwaka 1980, mtu aliweza kubeba chini ya kwapa kile ambacho zamani kilihitaji wanaume wanne. Sababu ya tatu ni mauti. Walionunua vinanda hivyo katika miaka ya 1960 wamezeeka au wamefariki, na watoto wao hawana nafasi nyumbani. Hammond waliacha kutengeneza vinanda vya vigurudumu katikati ya miaka ya 1970. Lowrey nao walisimamisha utengenezaji mwaka 2018.

Matokeo yake ni ya ajabu. Hammond B-3 iliyo nzima huuzwa kwa maelfu ya dola, lakini kinanda cha nyumbani cha transista, chenye mbao nzuri na sauti tamu, hutangazwa kwamba ni bure kwa atakayekuja na gari na watu wa kukibeba. Kisipopata mtu, hutupwa jaani, au hukatwakatwa mbao zake zikawa meza na kabati la chupa.

Hapa ndipo ninapowaunga mkono wapenzi wa vinanda vya zamani. Mtu anayekiokoa chombo kama hicho, akabadilisha kapasita zilizokauka, akasafisha viunganishi vilivyoshika kutu, akatia mafuta kwenye vigurudumu mara moja kila mwaka kama ilivyoagizwa, amefanya kazi ya maana. Kibodi ya leo ikiharibika hutupwa, lakini kinanda kile cha kale kiliundwa na mtu aliyejua kwamba kitafunguliwa. Ukiondoa ubao wa nyuma unaona kila waya. Fundi wa redio mwenye subira na chuma cha kulehemu anaweza kukirudishia uhai.

WAPENZI WA JINA

Lakini wako wapenzi wa aina nyingine ambao siwaungi mkono. Huyu ana vinanda kumi katika banda la gari na hajui wimbo hata mmoja kuumaliza. Yule hataki chochote ila B-3, na hawezi kuanza kujifunza mpaka aipate, na spika yake ya Leslie, na benchi lake la asili. Miaka inapita, anatafuta tu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Vinanda hivi havikuundwa vitazamwe. Viliundwa kwa sababu mtu fulani aliamini kwamba kila nyumba inaweza kuwa na mtu wa kuimba na mtu wa kupiga. Ndiyo maana naona kwamba anayevirundika bila kuvipiga hana tofauti kubwa na anayevikatakata kuwa kabati. Wote wawili wamevinyamazisha.

Nakubali kwamba kibodi ndogo ya kisasa inatoa sauti ya kinanda, ya filimbi na ya ngoma, na haivunji mgongo. Asiye na nafasi na ainunue bila haya. Ila kanyagio huifunza miguu kazi, na safu mbili huufunza kila mkono kuimba sauti yake. Tena samani kubwa iliyokaa sebuleni huita watu. Kibodi iliyo chini ya kitanda haimwiti mtu.

UMEME WETU

Kwa Mkenya anayevutiwa, ninalo onyo. Umeme wa Marekani ni volti 120 wenye mapigo 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 240 na mapigo 50. Ukiagiza Hammond ya vigurudumu kutoka kule, usidhani transfoma itatosha. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi mapigo, na mota ile ya mtengeneza saa hufuata mapigo. Itazunguka polepole, na kinanda chote kitashuka zaidi ya nusu-sauti tatu. Utabonyeza do, nawe usikie la iliyopungua kidogo. Kwaya yako itaimba kwa sauti ya kaburini. Tafuta kilichotengenezewa umeme wa Uingereza, ambao mapigo yake ni kama yetu, au mashine ya kubadilisha mapigo. Vile vya transista visivyo na mota havina tatizo hilo la mapigo, ila volti lazima uziangalie.

Pia kabla ya kulipa, kikae na kipigwe mbele yako. Bonyeza kila kibao, vuta kila kijiti, kanyaga kila kanyagio. Chungulia nyuma uone kama panya hawajafanya makao.

Wala asiniambie mtu kwamba kinanda cha umeme ni jambo la wageni tu. Watu wa Mombasa wanajua jinsi kinanda cha umeme kilivyoingia katika taarab na kuchukua nafasi yake kando ya ngoma na magitaa. Kundi la Maulidi Juma lilikitumia kuchezesha harusi nyingi, na akina mama waliotunza hawakuuliza kilitoka kiwanda gani. Waliuliza kama kinalia vizuri.

MWENYE KUKIPIGA

Hata jirani zetu wa Ethiopia wana la kutufunza. Hailu Mergia alikuwa mpiga kinanda wa Walias Band ya Addis Ababa, nao walitoa santuri ya "Tche Belew" mwaka 1977. Baadaye alihamia Marekani, akawa dereva wa teksi huko Washington. Watafutaji wa santuri za kale walikuwa wakiuziana kazi zake kwa bei kubwa huku yeye akibeba abiria. Lakini katika buti la teksi yake aliweka kibodi ndogo, na akisubiri abiria alikuwa akiitoa na kufanya mazoezi. Kaseti yake ya mwaka 1985 ilipotolewa upya mwaka 2013 na dunia ikamwita tena jukwaani, vidole vyake vilikuwa tayari.

Kati ya tajiri aliyenunua santuri ile kwa bei kubwa na dereva yule aliyekaa nyuma ya gari lake akipiga, ni nani mwenye muziki? Kwa maoni yangu, kinanda ni cha mwenye kukipiga.

Kwa hiyo nawaomba wanaosoma ukurasa huu. Ikiwa katika kanisa lenu, shule yenu au nyumba ya babu kuna kinanda kilichofunikwa, msikitupe na msikiuze kwa mwenye kutaka mbao. Mwiteni fundi akitazame. Kikiwa kimekufa kabisa, vipuri vyake vitafufua kingine. Kikiwa hai, mtafutieni kijana mmoja wa kukaa mbele yake.

Mimi nimerudi kwa yule mzee wa kanisa kumwomba ruhusa ya kumleta fundi. Alisita, akatazama maua yake, akaniambia nije baada ya Pasaka. Nitakwenda, tena nitakwenda na plagi mpya mfukoni.