Nani Kasema Kivuli ni cha Wavivu?

Vijana wenzangu, leo sina hadithi wala shairi. Nina ugomvi. Ugomvi wangu ni na neno moja tu: "mvivu". Nimebandikwa neno hilo shuleni, nikabandikwa shambani, na kijiweni washikaji wakalifanya jina langu la utani. Nimelibeba miaka mingi kwa kunyamaza. Sasa basi.

Mimi ni mtu wa Mkiwa, mkoani Singida, pale barabara itokayo Itigi inapoikuta ile ya Manyoni kwenda Singida mjini. Ukipita kwa basi utaona malori, vibanda na kuku wa kienyeji, halafu huyo, umeshapita. Hapo ndipo nilipokulia na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Ukinitazama huoni kitu. Sina kidonda, sitembelei magongo, na nikicheka nacheka kama wewe. Ndiyo maana nikikaa kivulini saa nne asubuhi, watu hawaoni mgonjwa. Wanaona kijana mzima amekaa kivulini saa nne asubuhi.

Hebu nieleze kwa kifupi, maana wengi mnalijua jina tu. Chembe nyekundu za damu yangu, badala ya kubaki duara na laini, hujikunja zikawa mfano wa mundu. Zikifika kwenye mishipa midogo hukwama, na mfupa ulio mbele hukosa hewa. Hayo ndiyo maumivu. Tena chembe ya mtu mwingine huishi siku 120 hivi. Ya kwangu siku 10 hadi 20 imekwisha. Mwili unatengeneza damu usiku na mchana na bado haitoshi. Huo ndio uchovu. Yaani mimi naamka nimeshafanya kazi. Ugonjwa wenyewe hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Dakta James Herrick aliueleza katika jarida la udaktari mwaka 1910 kule Chicago, na siku hizi inakadiriwa kuwa watoto 11,000 hivi huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Bado mtaani tunaambiwa mtoto karogwa. Au kadeka.

Shuleni kulikuwa na mchakamchaka. Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, upepo wa Singida unapenya hadi kwenye meno, sisi tunakimbia na kuimba. Baridi, na kukimbia bila maji tumboni, ni mambo ambayo damu yangu haiyasamehi. Nilimwambia mwalimu wa zamu. Akajibu, "Jikaze, we si mwanaume?" Nikajikaza. Saa nne nilikuwa sakafuni bwenini nimeng'ata sweta ili wenzangu wasinisikie.

Lakini la shule ni dogo. Kubwa ni la alizeti.

Ilikuwa msimu wa mavuno, mwaka 2016. Usiku mmoja mjomba alisema mbele ya watu, tena anakula, "Huyu wetu ni wa kula tu." Asubuhi yake nikaamka sina maumivu hata chembe. Siku njema! Nikasema leo ndiyo leo. Nilikata vichwa vya alizeti tangu jua linachomoza hadi linazama, sikuketi, maji nilikunywa mara moja. Watu wakanipigia makofi. Mjomba akaninunulia soda. Nilikula ujiko jioni ile, bwana we, nikajiona nimezaliwa upya.

Saa saba usiku mgongo ukaanza, ukafuata nyonga, ukafuata kifua. Siku tano wodini, wiki tatu nyumbani siwezi hata kufunga kamba za viatu. Siku zote hizo mama alikuwa kando ya kitanda changu, na alizeti yake imesimama shambani inaliwa na ndege. Mimi nilivuna nusu ekari kumthibitishia mjomba. Mama akapoteza zaidi ya nusu ekari kwa ajili ya uthibitisho huo. Deni hilo sijalilipa hadi leo, na wala hajawahi kunidai.

Tangu hapo nikajua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenifundisha: adui yangu si siku mbaya. Siku mbaya inajulikana, inanilaza yenyewe. Adui ni siku njema. Siku njema ndiyo inayonidanganya kuwa nimepona, nikafanya kazi ya wiki kwa siku moja, halafu nikalipa kwa mwezi.

Aliyenionyesha njia ni bibi yangu, asiyejua kusoma. Kwetu mvua ni msimu mmoja kwa mwaka, basi. Mavuno yakiingia ghalani ndiyo hayo mpaka mwakani. Bibi akasema, "Mwanamke anayepika kama harusi mwezi wa sita, mwezi wa pili atapiga hodi kwa jirani na bakuli. Sisi tunapima kwa kibaba hata ghala likiwa limejaa. Likijaa ndipo hasa tunapima. Na nguvu zako wewe ni ghala, mjukuu wangu."

Kupima ghala likiwa limejaa! Ndiyo siri yote. Sasa ninafanya kazi nusu saa, ninakaa robo saa, kwa saa ya mkononi. Sipumziki kwa sababu nimechoka. Nikingoja nichoke nimeshachelewa. Siku njema ninaacha kazi huku bado naitaka. Maji ninayo karibu, sweta sivui upepo ukivuma. Na homa ikipanda, hiyo si ya kivuli wala ya bibi, ni ya kukimbilia hospitali. Dawa nazo zipo. Ipo haidroksiyurea, inayopunguza vipindi vya maumivu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ulionyesha kuwa inatufaa hata huku kwetu. Kupumzika hakuchukui nafasi ya dawa. Lakini hakuna kidonge kitakachonifanyia mahesabu ya nguvu zangu.

Ninyi mnaoanza kutabasamu mkidhani natetea kulala, ngojeni. Nina shangazi mwenye huruma hadi inauma. Kwake mimi ni yai. "Lala, mwanangu, usiguse kitu." Baada ya msimu ule wa alizeti nilimtii, nikalala miezi miwili. Miguu ikalegea, usingizi wa usiku ukanihama, ikawa kwenda chooni tu nahema. Kwa hiyo hata siku mbaya, kama si ya kwenda hospitali, natoka hadi kwenye mwarobaini na kurudi. Kesho mara mbili. "Jikaze" na "lala tu" ni watoto wa baba mmoja: wote wawili wanaamua juu ya mwili wangu bila kuniuliza.

Sasa nije kwenye kaulimbiu. Nchi hii ilianza na "Uhuru na Kazi". Mwaka 1972 tukaambiwa "Siasa ni Kilimo". Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, wasio na kazi wakawa wanakamatwa mijini. Mwaka 2015 tukavaa fulana za "Hapa Kazi Tu". Sizikejeli. Nchi haijengwi kwa kupiga soga. Ninachouliza ni kimoja: mbona sheria zetu zina akili kuliko fulana zetu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya saa nzima. Waliotunga sheria walijua kuwa hata mzima huchoka. Ila kibarua wa shambani na kijana wa bodaboda wao wanasoma fulana tu.

Wazee nao walijua. "Mchumia juani hulia kivulini." Tunaimba kipande cha juani, cha kivulini tunakimeza. Pale njiapanda kwetu lori likichemsha, dereva anasimama, anafungua boneti, anasubiri lipoe. Hakuna anayelitukana. Utingo hasemi "jikaze". Lakini mimi nikichemsha nikakaa chini, mvivu! Chuma kina haki ambayo mtoto wa mtu hana?

Na ninyi waandishi chipukizi, msidhani nimewasahau. Mnachangia. Fungueni hadithi zetu wenyewe muone mgonjwa anafanya nini. Ana kazi mbili tu: afe ukurasa wa mwisho ili mhusika mkuu alie, au apone kwa maombi au kwa mganga ili sisi tushangilie. Yule asiyekufa wala kupona, anayeamka kila siku akapima nguvu zake kama unga, yuko wapi? Sisi ni wengi, lakini hadithini hatuna hata mstari. Halafu mnasifiana kwa kukesha. "Mimi niliandika hadi jogoo likawika!" Hongera, kaka. Kwangu mimi kukesha mara moja ni kulazwa. Ina maana siwezi kuwa mwandishi? Makala hii imenichukua siku 11, robo saa asubuhi, robo saa jioni, na siku mbili kati ya hizo sikuandika hata neno. Kama mmefika hapa bado mnasoma, basi inawezekana.

Siombi huruma. Naomba mniulize kabla ya kunihukumu. Mwalimu wa zamu, muulize mtoto anayekwambia mifupa inauma. Mjomba, usipime kijana kwa siku moja ya mavuno. Nawe mwenzangu mwenye selimundu, au mgongo usiokwisha, au uchovu ambao daktari bado hajaupa jina, usimvunie mtu nusu ekari ili akusifu. Soda ile niliijua utamu wake, na bei yake aliilipa mama.

Na anayetaka kuniita mvivu tena aje Mkiwa, ashukie njiapanda, aulize nyumba yenye mwarobaini. Nitampa kigoda tukae kivulini, tuzungumze robo saa kamili. Ikiisha atanisamehe, nitainuka. Nina kazi.